Sahani ya Binti Anayekimbia

Mhadhara kwa wazazi, walimu na vijana wa Tingi, Kilwa



Leo alfajiri nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu, hii iendayo Somanga, nikaona vijana wawili wakirudi mazoezini, mvulana na msichana. Walikuwa wamekimbia njia moja, mwendo mmoja. Nikawasalimu, nikawauliza wamekula nini. Mvulana akasema amekunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha kabla ya kutoka. Msichana akasema bado. Alikuwa ameamka mapema kuliko mwenzake, akaenda kuchota maji mara mbili, akafagia uwanja, ndipo akakimbia. Akirudi atawahi shule. Atakula mchana, akijaliwa.

Nimeombwa nije kueleza kama mwanamke anayekimbia mbio ndefu anapaswa kula tofauti na mwanamume. Jibu ni ndiyo, katika mambo machache, na nitayasema yote. Lakini nimekuja Tingi hasa kusema jambo jingine: mara nyingi tunapodhani tumeona tofauti ya maumbile kati ya mwanamke na mwanamume, tulichokiona ni tofauti ya sahani.

Nianze na kisa cha maabara, maana kimenifundisha mengi. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada, Mark Tarnopolsky na wenzake waliwachukua wanaume na wanawake waliozoea mazoezi marefu. Wakawalisha kwa siku 4 chakula ambacho robo tatu ya nguvu yake ilitokana na wanga. Mnajua kwa nini wakimbiaji hufanya hivyo. Wanga wa ugali, wali au muhogo, ukizidi mahitaji ya papo hapo, mwili huuweka akiba ndani ya misuli na ini. Akiba hiyo huitwa glaikojeni, na ikimwishia mkimbiaji njiani, miguu huwa mizito kama imefungiwa mawe. Basi baada ya siku hizo akiba ya wanaume ilipanda kwa asilimia 41. Ya wanawake haikupanda.

Habari ikaenea kwamba mwili wa mwanamke hauweki akiba ya wanga, kwa hiyo hakuna haja ya kumjazia wali kabla ya mashindano. Watu waliiamini. Lakini watafiti walewale, nawaheshimu kwa hilo, walirudi kwenye hesabu zao. Robo tatu ya chakula kingi hailingani na robo tatu ya chakula kichache. Wanawake wale walikuwa wakila kidogo kwa jumla, hivyo wanga walioupata ulikuwa gramu 6 na kitu kwa kila kilo ya mwili, ilhali wanaume walipita 8. Mwaka 2001 walitoa matokeo ya jaribio jipya, safari hii wanawake wakiongezewa chakula chenyewe. Akiba ikapanda.

Nilipoyasoma mara ya kwanza nilikumbuka jikoni kwetu.

Tusisahau kwamba elimu hii ya wanawake ni changa kwa sababu ruhusa yenyewe ni changa. Katika Olimpiki ya Amsterdam, 1928, wanawake walikimbia mita 800, baadhi wakaanguka chini kwa uchovu kama wanaume wanavyoanguka, na mbio hizo zikafutwa kwao hadi 1960. Marathoni ya wanaume ilikuwapo tangu 1896. Ya wanawake ikaingia Olimpiki mwaka 1984. Anayechelewa kuruhusiwa kukimbia huchelewa pia kupimwa. Uchambuzi wa majarida ya tiba ya michezo ya miaka ya 2011 hadi 2013 ulionyesha kwamba katika watu waliochunguzwa, wanawake walikuwa asilimia 39 tu. Kwa hiyo ushauri mwingi ambao mwalimu wa michezo anampa binti yako ulipatikana kwa kupima miili ya wanaume.

Na mabinti wanakimbia. Septemba 2023, mjini Berlin, Magdalena Shauri wetu alimaliza marathoni akiwa wa tatu, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, rekodi ya taifa. Siku hiyohiyo, mbio hizohizo, Tigst Assefa wa Ethiopia aliivunja rekodi ya dunia. Najua hapa pwani tunasema mbio ndefu ni za watu wa baridi na milima. Hewa ya milimani husaidia kweli. Lakini pumzi ya msichana wa Kilwa haijawahi kupimwa ikiwa imeshiba.

Sasa nije kwenye kiini. Chukueni mfano wa binti wa kilo 50. Akikimbia kilomita 12 anatumia takribani kilokalori 600. Tuseme kwa siku nzima amekula chakula cha kilokalori 1600: ugali wa makopa mchana, mboga kidogo, wali usiku. Toa 600 za mbio, zimebaki 1000. Hizo ndizo za kuendeshea nyumba, yaani moyo, ubongo, mifupa, damu, kinga ya maradhi, kukua. Watafiti huzigawa kwa kilo za mwili bila mafuta. Kwa binti huyu ni kama kilo 40. Anapata 25 kwa kila kilo. Anne Loucks wa Marekani alionyesha mwaka 2003 kwamba zikishuka chini ya 30, ndani ya siku 5 tu homoni zinazoongoza hedhi huanza kuyumba. Kiasi cha kutosha ni kama 45. Yaani binti huyu alihitaji kula kilokalori 2400, na hapo sijahesabu ndoo za maji wala jembe.

Mwili wenye uhaba hufanya kama mama mwenye fedha pungufu: hulipa cha lazima, kingine hukisimamisha. Cha kwanza kusimamishwa ni uzazi. Hedhi huchelewa, kisha hukatika.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa mkimbiaji wa shule, nikijiandaa kwa mashindano ya UMISSETA. Hedhi yangu ilikatika miezi mitano. Mwalimu aliyetufundisha alisema ni dalili nzuri, mwili umekomaa kimichezo. Nilimwamini, na nikiri nilifurahi, maana ilinipunguzia shida ya vitambaa. Mama yangu yeye alikuwa akinitazama tumbo. Hakuna aliyeniuliza nakula nini. Mwezi wa sita ugoko ukaanza kuuma, nikakimbia nao, hadi siku moja nikashindwa kukanyaga. Ulikuwa umepata ufa. Sikukimbia tena mashindano.

Nimeeleza hilo kwa sababu ya kile macho ya mama yalichokuwa yakitafuta. Binti akikosa siku zake, katika nyumba zetu swali ni moja tu, na huambatana na aibu, pengine na kipigo. Ndiyo maana huficha. Kupima mimba ni sawa, ipimwe. Lakini ikiwa haipo, msiishie hapo mkashukuru. Ulizeni chakula. Hedhi inapokatika, estrojeni hupungua, na estrojeni ndiyo mlinzi wa mfupa. Sehemu kubwa kabisa ya mfupa wa maisha yote hujengwa kabla ya miaka 20. Miaka hiyo ikipita katika uhaba, kuilipa baadaye ni kazi ngumu mno.

Hata penye fedha hili hutokea. Mwaka 2019 Mary Cain, binti aliyekuwa tumaini la mbio za Marekani, alieleza katika gazeti la The New York Times jinsi alivyosukumwa apungue uzito: hedhi ilikatika miaka 3, mifupa ikavunjika mara 5. Kwa jirani zetu Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2016, Vincent Onywera akiwa miongoni mwa waandishi wake, ulikuta wasichana wakimbiaji wenye vipaji wakiwa katika hatari hiyohiyo ya upungufu wa nguvu na kuvurugika kwa hedhi. Hiyo ni Kenya, yenye medali zote zile.

Wavulana, msidhani mmesalimika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipolitazama upya suala hili mwaka 2014 iliwaingiza wanaume pia. Mvulana akila pungufu, homoni yake ya kiume hushuka, mifupa hudhoofu, hamu ya kila kitu huisha. Tofauti ni kwamba yeye hana kalenda ya kumwonya. Binti anayo. Makungwi mliopo hapa, mnaomfundisha mwali kuhesabu siku zake, nawaomba mumwambie na hili: ukiwa unakimbia, na siku zako zimepotea miezi mitatu, nenda zahanati, na ongeza chakula. Neno lenu lina uzito kuliko langu.

Jambo la pili ni damu, na hapa tofauti ya maumbile ni ya kweli kabisa. Kiwango kinachopendekezwa cha madini ya chuma kwa mwanamke mwenye umri wa kupata hedhi ni miligramu 18 kwa siku. Kwa mwanamume ni 8. Zaidi ya mara mbili, kutoka kwenye sahani ambayo kwa kawaida ni ndogo. Chuma ndicho kinachobeba hewa ndani ya damu, na mkimbiaji huishi kwa hewa. Mbio zenyewe nazo hukipunguza: kingine hutoka na jasho, na kishindo cha nyayo huvunja baadhi ya chembe za damu. Kisha baada ya mazoezi makali mwili hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa kufyonza chuma tumboni, na hufikia kilele saa 3 hadi 6 baada ya kukimbia.

Ongezeni ya kwetu: malaria, minyoo ya safura, kichocho. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wenye upungufu wa damu walikuwa takribani asilimia 45. Karibu nusu. Basi binti anayehema haraka, anayeachwa nyuma na wenzake aliokuwa akiwashinda, msimwite mvivu kabla hajapimwa. Kipimo cha wingi wa damu kinapatikana, na kwa mwanamke asiye mjamzito mstari ni gramu 12 kwa kila desilita ya damu. Vidonge vya chuma avipate akishapimwa, kwa maelekezo. Asinunue dukani kwa kusikia.

Dawa nyingi zipo mezani kwenu. Pweza aliyepikwa, gramu 100, ana miligramu kama 9 za chuma, nusu ya mahitaji ya mwanamke kwa siku. Tunamvua, tunamuuza, tunabaki na supu. Sisemi msiuze, sukari na madaftari hununuliwa kwa fedha hiyo. Nasema mkono mmoja wa pweza ubaki kwa anayekimbia. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao wana chuma na kalsiamu pamoja. Ufuta, ambao mkoa wetu wa Lindi unaupeleka nje kwa magunia, ni chakula cha mifupa na damu, na watoto wetu wanauona ukipita kwenye lori tu. Kisamvu, mchicha, kunde na mbaazi vina chuma pia, ila chuma cha mimea ni kizito kufyonzwa. Kinahitaji kusindikizwa: limau, embe, ubuyu. Chai hukifukuza. Huu ndio ugomvi wangu na chai ya rangi, kwamba tunainywa juu ya chakula. Nakunywa chai kama ninyi. Ikae saa moja kando ya mlo, yatosha.

Kuhusu makopa niseme neno. Muhogo ni wanga mzuri kwa mkimbiaji, ila protini yake ni kidogo sana, na ule mchungu usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubaki na sumu. Kusini kwetu umewahi kuleta ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu. Uloweke, uanike, na usiuache peke yake sahanini. Usindikizwe na samaki au kunde. Wakimbiaji 10 wa Kikalenjin waliochunguzwa kambini na Onywera na wenzake, matokeo yakatolewa 2004, walipata asilimia 76 na nusu ya nguvu zao kutoka kwenye wanga, ugali ukiwa mkuu, gramu 10 na zaidi kwa kila kilo ya mwili. Miongoni mwa waandishi alikuwamo Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 Olimpiki ya 1972, mtu aliyeujua ugali huo kwa miguu yake. Binti wa kilo 50 anayefanya mazoezi ya saa moja au mbili, tumpe gramu 6 kwa kilo: ni gramu 300, sawa na zaidi ya kilo nzima ya wali uliokwisha kuiva, au ugawe kwa muhogo, ndizi, uji na viazi. Naona mnatazamana. Ndiyo, binti. Kilo nzima.

Mwanamke akiwa mbioni huchoma mafuta mengi zaidi kuliko mwanamume anayekwenda kwa jitihada ileile. Hilo limethibitishwa, na estrojeni ina mkono ndani yake. Lisigeuzwe kuwa sababu ya kumpunguzia ugali. Protini kwa kila kilo ya mwili ni karibu sawa kwa wote. Na wanaouza orodha za vyakula vya wiki ya kwanza ya hedhi, ya pili, ya tatu: tathmini iliyotolewa mwaka 2020, iliyokusanya tafiti 78, ilikuta mabadiliko ya uwezo wa mchezaji kati ya vipindi vya mzunguko ni madogo sana, na kila mwanamke ana yake. Binti ajijue mwenyewe. Anayenyonyesha yeye aongeze takribani kilokalori 500 kwa siku. Faith Kipyegon alijifungua 2018 na akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mwaka 2021, kisha tena 2024.

Maji. Katika marathoni ya Boston ya 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi kwa sababu ya kunywa kupita kiasi. Mwanamke mmoja kijana alifariki katika mbio hizo. Kwa kutazama haraka wanawake walikuwa wameathirika zaidi, 22 kwa mia dhidi ya 8. Hesabu zilipochambuliwa, kilichobaki hakikuwa jinsia: walikuwa watu waliokaa barabarani zaidi ya saa 4 na kuongezeka uzito njiani. Mnaona tena. Joto la hapa ni kali, kwa hiyo nyweni kwa kiu, msishindane kunywa. Dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo. Tieni chumvi kwa ncha ya kidole.

Nimebakisha Ramadhani, na nawaomba masheikh wanirekebishe nikikosea. Dini imemsamehe mwenye hedhi asifunge. Lakini nendeni majumbani mtazame: binti aliyesamehewa hali. Anaona haya mbele ya kaka zake, anajificha, anameza tonge moja nyuma ya jiko, au anashinda na njaa pamoja na waliofunga. Yuko katika siku za kupoteza damu, na anajifungisha kwa aibu. Kisha Ramadhani ikiisha analipa zile siku, wakati mwalimu ameshatoa ratiba ya mazoezi makali akidhani mfungo umekwisha kwa wote. Mvulana hana deni hilo. Mwalimu hahitaji kumuuliza siri zake. Atangaze tu kwamba anayelipa atakimbia taratibu, jioni, karibu na kufuturu. Na mama, mwekee mwanao sahani jikoni, uifunike, umwambie waziwazi kwamba ni yake. Kwa wanaofunga, mazoezi mepesi yawe saa ya mwisho kabla ya magharibi, au baada ya tarawehe. Daku isiachwe hata kwa usingizi: wali wa nazi, maharage, tende, maji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Walimu mmeuliza kwa barua mnaweza kuanzia wapi bila fungu. Anzeni na uji. Wazazi wa wakimbiaji walete mtama na ufuta wa kisado kimoja kila mwezi. Upikwe asubuhi, unywewe mara baada ya mazoezi, kabla ya darasa. Mkimbizeni binti akiwa ametia kitu tumboni, hata ndizi moja. Andikeni vipimo vya damu mara mbili kwa mwaka. Awepo mwalimu wa kike anayeweza kuambiwa kuhusu hedhi bila mtoto kuinamisha uso. Na wazazi wa kiume, siku za mazoezi makubwa kaka achote maji.

Mama zetu wa kamati wamepika uji wa namna hiyo pale chini ya mwembe. Nimeuonja, ufuta umekolea. Tutakunywa pamoja kabla ya maswali. Wasichana waliokuja na viatu vya mbio watangulie kwenye foleni, yule wa leo asubuhi akiwa wa kwanza, na msimjazie nusu kikombe.